Ziwa Lilipoingia Kwenye Trakta Yako

Baba Riziki,

Nimesikia kwamba umeuliza habari za trakta. Binamu yako Musafiri, yule anayesafirisha ndagala kavu, dagaa wa ziwa letu, alipita hapa Luvungi, akakaa kwenye benchi, akanywa maji, kisha akasema: "Shemeji, Baba Riziki anauliza, ni kweli ile trakta inatembea? Nani aliitengeneza?" Nikamwambia nitakujibu mwenyewe. Namba yako niliyokuwa nayo siku hizi inapokelewa na mtu asiyejua Kiswahili, kwa hiyo naandika waziwazi. Atakayeisoma barua hii kabla yako asione haya kukusimulia. Haina siri.

Jibu fupi ni kwamba trakta inatembea, na waliohusika ni fundi Kashindi, mama yako na mimi. Jibu refu linahitaji nianzie mbali kidogo.

Unakumbuka siku tuliyoipokea bandarini Kalundu? Ilishuka kwenye boti ikiwa nyekundu iliyopauka, haina paa, usukani umefungwa kitambaa. Ilikuwa kuukuu tayari. Aliyetuuzia alisema ililima nchi mbili kabla ya kufika kwetu, nasi tukaona hiyo ni sifa. Uliiendesha kupita katikati ya mji wa Uvira hadi nyumbani Kavimvira, wenye pikipiki wakikupigia honi, mama yako amekaa juu ya bati la gurudumu na kitenge chake cha kanisani. Mimi nilifuata nimepakiwa kwenye pikipiki, Riziki mgongoni. Nilikuwa naona shingo yako tu, na jinsi ulivyokuwa ukigeuka kila mara kuhakikisha kwamba mama hajaanguka.

Kuna siku nyingine naikumbuka zaidi. Tulikuwa huku bondeni, tunalima shamba la mpunga la mtu, nawe homa ikakushika katikati ya kazi. Ulishuka ukitetemeka, ukajilaza kwenye kivuli cha gurudumu, ukaniambia nimalizie. Nilikuwa sijawahi kuendesha hata baiskeli.

"Minye siwezi," nikasema.

"Unaweza. Panda. Huu mukono njo unainua plau, huu unashusha. Vuta polepole, usikie vile inaitika."

Nilimaliza lile shamba kwa mistari iliyopinda hapa na pale. Mwenye shamba alicheka. Wewe ulikuwa umejifunika gunia, meno yanagongana, ukamjibu kwamba mpunga haujali mstari. Jioni ile tulikula ugali wa muhogo na ndagala, na uliniachia kipande kikubwa. Naliandika hili kwa sababu lilitokea. Sitaki ufikiri kwamba nimeamua kukumbuka mabaya tu.

Baadaye mikono ya nyuma, ile inayobeba plau, ikaanza kushuka yenyewe. Plau ikiinuliwa, kabla hujafika mwisho wa shamba ilikuwa imekwisha kugusa udongo. Mafuta yakawa yanachuruzika nyuma, pale mhimili wa mikono unapotokeza nje. Ulichukua beseni la kufulia ukalitega chini, na mama yako akakugombeza juu ya beseni lake. Ulikuwa ukipapasa bomba kwa kiganja kitupu, macho umefumba, kutafuta mafuta yanapotokea. Mwishowe ukasema shida ni mipira ya kuzuia mafuta, imezeeka, na hapa haipatikani.

"Naenda Mpulungu, kule mwisho ya ziwa, kuitafuta. Narudia na boti ya kwanza."

Tulikusindikiza Kalundu. Riziki alikuwa anaanza kujua kusoma, akakusomea jina la boti kwa sauti. Boti ya kwanza ilikuja, na nyingine nyingi zikafuata. Watu wa boti walileta habari kwa vipande: uko salama, unauza samaki, umepanga nyumba, kuna mwanamke. Sikuwalaumu waliozileta. Kila mmoja alifikiri yeye ndiye wa kwanza kuniambia.

Mama yako hakutaka kusikia. Alifagia chini ya trakta kila asubuhi. Alifukuza kuku waliotaka kutagia chini ya kiti. Walipokuja watu wa vyuma chakavu aliwamwagia maji ya vyombo. Mafundi nao walikuja, mmoja mmoja, wakiomba waifungue tu waone. Jibu lilikuwa moja.

"Mwenyewe iko njiani. Hakuna muntu atashika hii kitu mbele ya yeye kufika."

Mimi nilikuwa mkwe katika nyumba yake, na mkwe ambaye mume hayupo hana sauti kubwa. Nilinunua mchele bondeni nikauuza sokoni Uvira, nikamsomesha mtoto, nikampikia mama. Trakta ilikaa uani miaka mingi. Nilianika nguo juu yake.

Halafu ziwa likapanda. Hilo najua ulilisikia, maana ni ziwa lilelile na huko kwako pia lilipanda. Lakini sijui kama ulielezwa jinsi lilivyoingia kwetu. Halikuja kwa wimbi. Asubuhi moja njia ya chini ilikuwa na maji, watu wakaweka mawe ya kukanyagia. Kisha mawe yakafunikwa. Ukuta wa jirani, wa matofali mabichi, ulilainika ukalala chini taratibu, bila kelele. Maji yakaingia uani, yakapanda magurudumu ya trakta, yakafika tumboni, yakakaa. Watoto wa samaki walikuwa wanazunguka kati ya magurudumu. Majirani walihamia kwa ndugu zao juu mlimani au kwenye mahema. Sisi tuliinua kitanda cha mama yako kwa matofali, na yeye akaketi juu yake na Biblia na redio.

"Mama, tuende," nikamwambia. "Nyumba itatuangukia."

"Muende nyinye. Minye nikitoka, nani atalinda kitu ya mutoto yangu?"

Nilimwomba, mchungaji akaja akamwomba, Riziki akalia mbele yake. Hakusogea. Ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa nimeshika upande usiofaa. Mama yako angeondoka siku ambayo trakta ingeondoka. Nikaenda barabarani nikatafuta lori lililokuwa linarudi Bukavu tupu. Vijana wa mtaa waliivuta kwa kamba kutoka majini, wakaipandisha kwa mbao, wakiimba na kutukanana. Mama yako aliteremka kitandani, akapita kwenye maji akiwa ameshika bati la gurudumu, na walipomaliza kuifunga alipanda mbele ya lori bila kuambiwa na mtu. Aliuliza tu: "Tunaenda wapi?"

"Luvungi," nikasema. "Kwa marehemu baba yangu. Kuna nyumba na shamba."

Nyumba ya Kavimvira ilianguka muda si mrefu baada ya hapo. Kwa hiyo kilichobaki kwetu kilikuwa hiki: chumba na sebule vya marehemu baba, shamba lililojaa matete ambalo hakuna aliyelilima tangu azikwe, na trakta iliyoshinda majini. Biashara yangu ya mchele ilikuwa imekufa, maana akiba ililowana ikaota. Riziki alikuwa ameanza kujifunza unesi huko Lemera, na mwanafunzi hula kila siku. Mvua ilikuwa inakaribia. Matete yale hayakatiki kwa jembe la mkono, nilijaribu, nikapata malengelenge na kipande cha ardhi cha kutosha kitanda kimoja. Bila kulima kabla ya mvua tusingekuwa na mpunga, wala sababu ya kubaki Luvungi.

Nikamleta fundi Kashindi. Ni mtu wa Luvungi, mnene, mcheshi, anatengeneza vinu na pikipiki, na zamani aliendesha trakta kwenye mashamba ya miwa. Alizunguka mara moja, akavuta kile kijiti cha kupimia mafuta cha nyuma, akakiinua juani. Kilikuwa na kitu cheupe, kizito, rangi ya chai ya maziwa.

Mama yako aliinuka kwenye kigoda. "Acha! Nilisema mwenyewe iko njiani."

Kashindi akanitazama mimi. Nilichukua kijiti mkononi mwake nikampelekea mama yako. Alikiangalia. Akachukua kidogo kwa kidole, akasugua kwa dole gumba, akanusa. Wewe unajua jinsi anavyonusa maziwa kabla ya kumpa mtoto. Alinusa vilevile.

"Hii haiko mafuta," akasema. "Hii ni ziwa."

"Ni ziwa na mafuta pamoja, mama," Kashindi akasema. "Maji yaliingilia ku mipira yenye ilizeeka na ku mukono ya gia. Ikikaa hivi, chuma yote ya ndani itaoza. Ata mwenyewe akikuya, atakuta sanduku ya kutu."

Mama yako alipangusa kidole kwenye kitenge. Kashindi alijifanya anafunga kamba ya kiatu. Mimi nilibaki nimesimama na kile kijiti.

"Mutoto yangu hatakuya," akasema mama yako. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. "Najua ile tangu zamani. Fungueni."

Kisha akaingia ndani, na siku hiyo hakula.

Nimefikiri kama nikuandikie maneno hayo au niyaruke. Nimeyaacha yabaki kama alivyoyasema. Ni yake, na wewe ndiye uliyekuwa unahusika.

Kashindi alifungua kizibo cha chini. Kwanza yalitoka maji matupu, mengi, yakafuatwa na uchafu wa kahawia, halafu yale meupe yakaanza kushuka kwa uzito. Tuliyakinga kwenye bidoni, kwa sababu kisima kiko karibu na sikutaka mafuta yafike huko. Baada ya hapo alijaza mafuta mapya. Injini yenyewe haikuwa imeingiwa na maji, alikuwa amekwisha kuikagua na kuimwaga mafuta yake. Iliwaka baada ya kubembelezwa, ikatoa moshi mweusi, na mikono ya nyuma ikainuka ikilia. Watu wa mtaa walipiga makofi. Kashindi alinawa mikono, tukamshukuru.

Asubuhi nilivuta kijiti. Kilikuwa cheupe tena.

Nilimwita. Alikuja, akatazama, akavua kofia. "Nilikosea, Mama Riziki. Nilitoa maji ya tumbo, nikasahau maji ya viungo. Yalibaki mu muhimili ya magurudumu, mu bomba, mu silinda ya kuinulia. Tulipowasha, yakatoka yakakutana na mafuta mapya. Sasa tuifungue yote."

Nilikasirika kimoyomoyo kwa ajili ya yale mafuta, lakini mtu akikwambia amekosea kabla hujamwambia wewe, hasira inakosa pa kukaa.

Safari hii alifungua kila kizibo, hata vile vya pande zote mbili kwenye mhimili wa magurudumu. Akaondoa kifuniko cha ubavuni, akaingiza mkono mpaka kwapani, akatoa chujio. Lilikuwa limezibwa na tope la kijivu lenye kuvutika, kama ugali wa muhogo uliolala. Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini pampu ilikuwa inalia: ilikuwa inavuta na haipati. Kashindi alitaka vitambaa vya kupangusia ndani. Nilimpa gunia, akakataa, linaacha nyuzi. Nikampa sweta, akakataa vilevile. Mama yako akatoka na shuka lake jeupe la zamani, lile ulilomletea kutoka Bujumbura, laini kwa kufuliwa. Akalichana vipande mbele yetu, kimoja baada ya kingine, akavipanga juu ya kigoda.

Tuliiosha ndani kwa mazutu, dizeli ileile ya injini, iliyochanganywa na mafuta ya bei rahisi. Kashindi aliwasha injini kwa muda mfupi tu, kwa mwendo wa chini, kwa sababu mchanganyiko ule ni mwembamba na pampu inaweza kuumia. Mimi nilipandisha na kushusha mikono ya nyuma, nikapandisha tena, ili kile kilichojificha kwenye silinda kisukumwe nje. Tuliyamwaga yangali moto, maana moto hubeba uchafu. Tukarudia. Kila mara yalitoka yakiwa na weupe mdogo zaidi.

Sasa likaja swali la kujua kama maji yamekwisha. Kashindi alitaka kuyaacha mafuta kwenye chupa ya kioo mpaka kesho, maji yazame chini tuyaone. Mama yako alikuwa jikoni anakaanga ndagala. Akauliza tunabishana nini, nikamweleza.

"Mafuta iko na maji inalia ku kikaango," akasema. "Ata mutoto anajua."

Kashindi akacheka, kisha akaacha kucheka. "Ni kweli. Mama, tupe mufuniko ya sufuria. Ile ya zamani."

Waliweka mfuniko juu ya makaa hadi ukawa moto sana. Kashindi aliomba tusogee nyuma, akadondosha tone moja kwa ncha ya bisibisi. Lilipasuka, chwaa, likarusha vitone. Mama yako akasema, "Bado." Tuliosha tena. Kesho yake tone lilitulia juu ya mfuniko, likatanuka, likatoa moshi mwembamba bila sauti. Mama yako alikuwa ameinamisha sikio kabisa.

"Imenyamaza," akasema.

Na ile chupa ya Kashindi, ambayo aliiacha dirishani, haikuwa na maji chini. Kila mmoja aliridhika kwa njia yake.

Tulipotia mafuta mapya safi, yale mavujo yako ya zamani yakarudi kwa nguvu. Tope lilikuwa limeyaziba, kumbe, na tulipolisafisha tukayafungulia njia. Kashindi aliosha sehemu yote ya nyuma kwa brashi na mazutu, akaikausha, halafu akaomba unga. Nikampa unga wa muhogo. Akaanza kuupuliza juu ya chuma kwa kiganja, kila mahali, mpaka trakta ikawa nyeupe matakoni.

"Eh!" mama yako akapiga kelele. "Chakula ya batu unapakaa ku mutambo?"

"Kidogo tu, mama. Mafuta yakitoka yatachora alama."

Yalichora. Mstari wa kwanza ulitokea pale ulipopasema wewe, kwenye mhimili wa mikono. Ulikuwa sahihi kuhusu mipira ile, na ni haki ulijue hilo. Mstari wa pili ulikuwa kwenye bomba la mpira linalotoka kwenye pampu. Hatukuona tundu. Nilinyoosha kiganja nipapase, kama nilivyokuona wewe ukifanya, na Kashindi akanipiga mkono kwa nguvu hata nikaumia.

"Usishike! Yakitoka kwa nguvu yanaingia mu ngozi kama sindano. Nilionaka muntu alikatwa kidole juu ya ile."

Akachukua kipande cha katoni, akakipitisha karibu na bomba injini ikiwa inawaka. Mstari wa mafuta ukajichora kwenye katoni, mwembamba kama uzi. Nilikumbuka mkono wako, macho yako yaliyofumba, na nikashukuru kwamba hukupatwa na chochote. Hilo ndilo nililolihisi, bila kuongeza.

Kashindi aligundua na kitu ambacho wewe hukukiona. Juu kuna tundu dogo la kupumulia, na nyigu walikuwa wamelijaza udongo, ukakauka ukawa jiwe. Trakta ikipata moto, pumzi ya ndani inakosa njia, inasukuma mafuta yatokee kwenye mipira. Alilizibua kwa msumari. Akasema pengine ndiyo iliyoharibu mipira tangu mwanzo. Pengine. Ulikuwa umekwisha kwenda.

Mipira mipya na bomba vilipatikana Bujumbura. Kashindi alivuka mpaka asubuhi na ile mipira ya zamani mfukoni kama mfano, akarudi kabla ya jua kuzama, mipira imefungwa kwenye gazeti. Aliiweka mezani. Mama yako aliuchukua mmoja, akauzungusha kidoleni.

"Ni hii?" akauliza.

"Njo hii, mama."

"Ku Bujumbura?"

"Ku Bujumbura. Duka ya kwanza sikuipata. Ya pili ilikuwa nayo."

Kutoka Kavimvira tulikuwa tunaona taa za Bujumbura. Mama yako aliurudisha mpira kwenye gazeti, akalikunja gazeti vizuri. Sijui kama ulijua kwamba mipira ilikuwa karibu hivyo, Baba Riziki. Zamani ningetaka sana kukuuliza. Sasa naona kwamba jibu lolote utakalonipa halitabadilisha kazi ya siku yangu, kwa hiyo sikuulizi.

Mhimili ulikuwa umechimbika kifereji pale mpira wa zamani ulipokuwa unasugua. Kashindi alisema mpira mpya ukikaa kwenye kifereji kilekile utavuja tena, akausogeza kidogo pembeni, ukapata chuma laini. Alipaka mafuta kwanza, akausukuma kwa kipande cha bomba na nyundo, taratibu, akiuzungukia. Alipomaliza tulifunga plau, nikainua, nikazima injini. Tukaenda kula. Nilikula nimeipa trakta mgongo, kwa makusudi. Mama yako ndiye aliyekaa akiitazama, sahani mapajani, hakupeleka tonge mdomoni. Tulipomaliza plau ilikuwa palepale juu. Kesho yake asubuhi ilikuwa bado juu.

Upande wa kushoto, kwenye gurudumu, bado linadondoka tone. Kashindi anasema tuliache, trakta ya umri huu isiyodondosha kitu ni ile isiyo na mafuta. Nafuta kwa kitambaa kabla ya kuwasha, na mwisho wa wiki napima.

Nililima shamba la marehemu baba mwenyewe. Matete yalikatika, yakageuzwa, harufu ya udongo ikatoka. Mvua ilitukuta tumekwisha kupanda. Tangu hapo nimelimia watu wengi hapa bondeni. Mwanzoni walikuja wakiuliza shoferi yuko wapi, wakitazama nyuma yangu. Sasa wanauliza tu nitakuja lini. Riziki yuko Lemera, anaelekea kumaliza. Akija likizo anapanda nami. Hajakusahau. Akiniuliza kuhusu wewe namwambia ninachokijua, na nisichokijua namwambia sikijui. Hajawahi kunisikia nikikutukana.

Sina hasira nawe. Nilikuwa nayo, na ilinichosha kuliko kulima. Ukitaka kujua kilichobaki baada yake, ni kama ninavyowafikiria watu tuliosoma nao shule: nakumbuka sura yako, nakumbuka sauti yako, nakutakia afya. Ile siku ya homa na gunia bado ni siku nzuri. Ninaiacha ibaki nzuri.

Nakuandikia jambo moja la mwisho, kwa sababu Musafiri alikuwepo na huenda ameliacha asikuambie.

Siku ile alipokuja, alitukuta njiani tunatoka shambani. Mimi niko juu, mama yako anatembea kando ya barabara na fimbo yake, maana siku hizi ana kipande chake cha mpunga na hapendi kikaguliwe na mtu mwingine. Kulikuwa na mzee mmoja mgeni, ameshuka kutoka milimani na ng'ombe wake wawili, amesimama anapisha. Akatuamkia kwa jina la Bwana, akaitazama trakta kwa upendo, akamuuliza mama yako kwa adabu:

"Mama, hii trakta ni ya nani?"

Miaka yote ile uani Kavimvira nilimsikia akijibu swali hilo, na jibu lake lilikuwa jina lako. Nilipunguza injini, kwa sababu nilidhani nitalisikia tena na sikutaka kumkatiza.

Mama yako aliniinulia fimbo.

"Ya ule muke iko pale juu," akasema. "Ni mutoto yangu."

Mama yako ni mzima, na macho yake bado yanaona mbali. Luvungi unaifahamu. Ukija kumwona, njoo mchana, piga hodi kama wageni wote, utakaribishwa.

Mimi,
Mama Riziki